Takia la Mama Mkwe

Leo nimeaibika mpaka mbwa wangu akaangalia kando.

Ndugu zangu tuliochuma chai pamoja kule Kericho, nawaandikia jioni hii hii kabla Mogaka hajawafikishia kwa njia yake. Mogaka ni jirani yangu hapa Nyakoe. Mtamsikia tena hapa chini, kwa sababu hakuna ubaya hapa kwetu ambao Mogaka hakuupitia hata kuusalimia.

Mnajua mguu wangu wa kushoto. (Aliyesahau: ni ule unaofika mwisho.) Niliukata ndani ya mto Riana kwa mkebe wa samaki aliotupa Mogaka. Nikashikwa na pepopunda, taya likafunga, watu wakaanza kuulizana nani atachukua redio yangu. Nikapona, na redio nikabaki nayo. Halafu ndama wangu akameza karatasi ya nailoni ya sukari, akafa. Nailoni hiyo ilitoka dukani kwa Ondieki, ambaye zamani alitufungia sukari kwa gazeti, lakini tangu anunue suruali pana chini anaona gazeti ni ushamba. Nawataja kwa majina. Wakitaka wanishtaki.

Sasa, huko gumbaru, mahali sisi watu wazima tunasomea kuandika, mwalimu alitufungulia ramani. Akapitisha kidole: Riana inaingia Kuja, Kuja inaingia Ziwa, maji ya Ziwa yanakwenda mpaka Misri, na huko yanamwagika baharini. Kumbe ule mkebe, kama haungekutana na mguu wangu, saa hii ungekuwa baharini unatafuta mguu wa mtu ambaye hata hamjui Mogaka.

Tangu siku hiyo kwangu hakuna kitu kinaingia mtoni. Mikebe tulipandia vitunguu. Chupa tunatilia mafuta ya taa. Lakini nailoni! Haiozi. Ukiichoma, ng'ombe anakohoa. Kwa hivyo za mkate, za sukari, za mbolea, zote naziosha, naanika kwa ua, nakunja, naweka. Juu ya kabati. Chini ya kitanda. Ndani ya ile sufuria kubwa ya harusi.

Mke wangu Kerubo alivumilia sana. Siku aliyotafuta kitambaa chake cha kanisani akavuta karatasi ya mkate, alifunga nguo zake akaenda kwao, upande wa Mosocho.

Ujumbe ukaja. Mama yake angekuja Jumapili, yaani leo, pamoja naye, na Mzee Ombati wa kanisani kama shahidi. Wakikuta nyumba ni safi, Kerubo anabaki. Wakikuta hata nailoni moja, anarudi kwao moja kwa moja, na tutakaa kikao cha kurudishiwa ng'ombe wangu wa mahari. Mimi sitaki ng'ombe. Namtaka Kerubo. (Msimwambie kwamba nimeandika hivyo.)

Mogaka akanipa ushauri: tupa zote Riana, mvua itachukua. Nikamwonyesha mguu. Akasema mguu umeshapona. Huyo ndiye Mogaka.

Nikamtumia Kerubo jibu kwamba nailoni hataziona tena, halafu nikafikiri peke yangu. Viti vyangu vina matakia yaliyojazwa nyasi kavu. Nikatoa nyasi, nikaingiza nailoni. Lakini nailoni ikikunjwa inalala bapa, takia linakuwa kama chapati. Basi nikachukua moja moja, nikapuliza, nikafunga mdomo kwa uzi wa mgomba, nikashona. Takia la kiti cha mama mkwe nikalipa pumzi nyingi kuliko yote, kwa heshima. Kiti kikavimba kama cha meneja. Nilisimama nikajisifu mwenyewe kwa sauti.

Wakafika. Kerubo akapita vyumbani akichungulia. Juu ya kabati, hakuna. Chini ya kitanda, hakuna. Akafunua sufuria ya harusi, hakuna. Akaniangalia kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona tangu tuoane. Mogaka naye akaingia bila kualikwa, eti kusaidia kupokea wageni, akakaa karibu na chai.

Nyinyi wa makabila mengine nawakumbusha kitu kimoja. Sisi Abagusii tuna chinsoni, heshima ya wakwe. Mama mkwe humpi mkono. Humkazii macho. Akitaka kukuambia neno, anapitisha kwa mtu mwingine hata kama umesimama hapo. Na mbele yake hutaji kitu chochote cha mwili. Hata tumbo likikukata unasema tu umechoka.

Mama huyo ni mtu wa uzito wake. Akakaa taratibu, takia likampokea vizuri, Mzee Ombati akasema tuombe. Tukafumba macho. Mzee alikuwa amefika kwa wagonjwa na wasafiri wakati uzi mmoja wa mgomba ulipolegea.

Sauti ikatoka. Sitaiandika. Ni ile ya mtu aliyekula maharagwe, na ilikuwa ndefu, mwisho wake ukapanda juu kama inauliza swali.

Mzee Ombati akaruka wajane wote akaenda Amina.

Tukafumbua macho. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Mama mkwe aliangalia ukuta. Na Mogaka, ndugu zangu, Mogaka hakusema neno hata moja. Aliinuka tu, akaenda kufungua dirisha.

Niliona uso wa yule mama. Kusema ni takia siwezi, watauliza takia lina nini. Kunyamaza siwezi, kesho ni soko la Mosocho na Mogaka atafika kabla ya nyanya. Nikasimama karibu na mlango, nikainamisha kichwa.

"Ni mimi," nikasema. "Mnisamehe."

Kerubo akashika mdomo. Mzee Ombati akasema kwa upole kwamba mbele ya mkwe jambo kama hilo linasafishwa kwa mbuzi. Nikakubali mbuzi. Nikaona nimeokoka! Kerubo akamimina chai, mama yake akainama mbele kuchukua kikombe.

Takia likasema tena. Mara mbili. Na mimi nilikuwa kule mlangoni, mbali, kila mtu ananiona.

Mama mkwe akarudisha kikombe mezani. Akainuka. Akasema kwa Ekegusii, polepole, "Kerubo, chukua nguo zako. Twende."

Hapo akili ikaniacha. Nilichukua kisu cha mkate nikapasua takia mbele ya wote. Nailoni zikamwagika zikajaa chini, nyeupe, samawati, ya mbolea hii hapa, zingine bado zimevimba, moja ikazunguka nyumba nzima ikipiga kelele ile ile mpaka ikaanguka kwenye chai ya Mogaka.

Nikasema, "Ndizo hizo. Mama hana kosa."

Kerubo akaziangalia. "Hata kwa takia?"

"Ningezitupa wapi?"

"Uliniambia umeziondoa."

"Nilisema hutaziona." Nikamweleza Riana, Kuja, Ziwa, Misri, bahari, nikionyesha kwa kidole juu ya meza kama mwalimu. Nikaonyesha na mguu pia, halafu nikakumbuka mama mkwe yupo, nikaushusha.

Nje mvua ikaanza, ile yetu ya alasiri isiyobisha hodi. Mama mkwe aliangalia mvua, akaangalia sakafu, akaangalia ukuta tena.

"Kerubo," akasema, "muulize mume wako kama ile kubwa ya mbolea inavuja."

Kerubo akaniuliza. Nikamjibu Kerubo kwamba haivuji.

"Mwambie anipe. Na mwambie nimeona amejaribu kubeba kitu ambacho hakikuwa changu wala chake." Akajifunika nayo kichwa, akafunga chini ya kidevu. "Wewe utabaki. Mimi siwezi kunyeshewa kwa sababu ya hasira."

Akaondoka, na Mzee Ombati amevaa mbili za mkate, moja kwa kofia na moja kwa Biblia. Mzee alipofika kwenye ua aligeuka akanikumbusha kwamba mbuzi atatoka tu, kwa sababu neno nilikwisha kulisema.

Kerubo yuko jikoni ninavyoandika. Kila nikipita anaweka mkono mdomoni, mabega yanatetemeka. Mogaka alichukua nailoni tatu, akavuka daraja, na nimemwona kwa macho yangu haya akizitupa Riana. Kesho nitashuka kuzitoa, na mguu wangu huu.

Ninyi mkihifadhi nailoni, endeleeni, ni kazi nzuri. Lakini msiiache na pumzi ndani. Na kama ni lazima mnicheke, tafadhali chekeni mkiwa mmesimama.