Kitambi cha Mwalimu wa Kwaya

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Mchungaji alitangaza jana baada ya mahubiri. Watu wa televisheni wanakuja Kakamega Jumapili kurekodi kwaya yetu. Nchi nzima itaniona. Nimelala vibaya.

Sababu ni tumbo. Kwa miaka mingi nimelitunza kama mali. Mimi ni wakala wa bima ya maisha, na wakala mwembamba hakuna anayemwamini. Mteja anaangalia kitambi, anajua kampuni inalipa. Lakini mwezi wa tano akatujia Clifford kutoka Nairobi, akawa mpiga kinanda wetu. Kiuno kama cha nyigu. Amefunga mshipi hadi tundu la mwisho na bado suruali inaning'inia. Akina mama wa sauti ya pili wanamwita 'kijana wetu'. Ana umri wangu kabisa. Mimi wananiita Mwalimu, na hiyo ni kwa sababu ndimi ninayewaongoza.

Jioni nilijaribu koti jipya la kwaya mbele ya kioo. Kifungo cha juu kilikubali. Cha katikati kiliruka kikaingia chini ya kabati. Naliaka, mke wangu, ni mwalimu wa shule ya msingi na sasa yuko likizo. Alikuwa anafuma sweta, hakuinua macho. Alisema nikipunguza obusuma, ugali wetu wa usiku, na kuacha kumalizia sahani za watoto, kifungo kitafunga chenyewe. Nikamwambia televisheni inakuja Jumapili hii, haiji Krismasi.

Lazima kuwe na njia ya mkato.

Jumanne, 6 Agosti

Iko.

Nimeipata kwa kinyozi, ndani ya gazeti la zamani la ng'ambo. Picha mbili za mama mmoja. Ya kwanza ana tumbo kama langu. Ya pili hana. Maelezo yanasema daktari anatoboa tundu dogo, anaingiza mrija chini ya ngozi na kuyanyonya mafuta. Wengine wanayayeyusha kwa miale ya leza. Nikalificha gazeti ndani ya shati, likapata nafasi kwa shida.

Nikaenda moja kwa moja kwa Daktari Jepkosgei, mwenye kliniki ndogo nyuma ya soko. Sikutaka ajue ni mimi. Nilimwambia nina mteja wa bima anayefikiria upasuaji huo, na kampuni inataka kujua.

Aliangalia tumbo langu. 'Sawa, mzee. Huyo mteja wako anakulanga nini usiku?'

Mzee! Nina miaka arobaini na minne.

Akanieleza kwa muda mrefu. Upasuaji huo si wa kupunguza uzito. Unamfaa mtu ambaye mwili wake karibu uko sawa, ila ana mahali pamoja mafuta yamekataa kutoka. Tena mrija unafika chini ya ngozi tu. Alinigonga tumbo kwa kidole, likalia kama ngoma. Akasema tumbo gumu la wanaume mafuta yake yako ndani, yamezunguka matumbo, na hakuna mrija unaofika huko. La huyo mteja wangu bila shaka ni la aina hiyo. Ngozi nayo huweza kubaki inalegea. Baada ya kupasuliwa mtu huvimba majuma mengi na kuvaa nguo ya kumbana. Damu ikiganda inaweza kukimbilia mapafu na kuua. Kwa hiyo anatakiwa mpasuaji aliyesomea kazi hiyo, chumba cha upasuaji, na mtu wa kuangalia dawa ya usingizi. Mwenye presha au ugonjwa wa sukari asiguswe kabla ya kupimwa vizuri. Na leza ya mafuta bado wanaijaribu huko ng'ambo. Akitokea mtu hapa kwetu anasema anayo, mteja wangu aulize amefundishwa na nani.

Nilimshukuru sana. Nimeelewa yote. Inawezekana.

Jumatano, 7 Agosti

Nimempata mwenye leza. Yuko Ekero, karibu na Mumias, umbali wa asubuhi moja tu.

Mteja wangu mmoja wa kiwanda cha sukari alinielekeza. Anaitwa Dokta Protus. Chumba chake kiko nyuma ya duka la kuziba pancha. Koti jeupe, miwani, sauti ya chini ya mtu aliyesoma. Mashine ameifunika kwa shuka la maua. Nilimuuliza amefundishwa na nani, kama nilivyoagizwa. Alisema amefundishwa na wengi. Jibu kamili.

Bei yake ilinitoa jasho. Akaniona. Akasema nikileta mtu mwingine wa kutibiwa, mimi nitahudumiwa bure.

Nilifikiria kwaya nzima nikiwa njiani kurudi, sauti kwa sauti. Nikasimama kwa Musimbi.

Musimbi ndiye sauti yetu ya kwanza. Ana saluni ya nywele karibu na stendi, mwili mkubwa, cheko linalosikika ng'ambo ya barabara. Nilimkuta anasuka mtu. Nikaanza polepole, nikamwambia televisheni humnenepesha mtu.

Akasema, 'Mwalimu, mimi mwili wangu haunisumbui. Unakusumbua wewe?'

Nikasema hapana, hapana, ila nchi nzima itamtazama. Nikamtajia Clifford, jinsi kamera itakavyompenda, kisha leza ya Dokta Protus. Aliendelea kusuka, lakini nilimwona anajiangalia kwenye kioo upande upande, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo kama inauma. Nikasema haiumi.

Kuna kitu kama pilipili kilinishika kifuani. Musimbi ana ugonjwa wa sukari. Nalijua hilo vizuri, kwa sababu mwaka jana aliomba bima kwangu, kampuni ikamkataa, na mimi ndiye niliyempelekea habari.

Nimekula, lakini pilipili haijaondoka.

Alhamisi, 8 Agosti

Naandika nimelala chali. Upande mwingine wowote hauwezekani.

Nilimwambia Naliaka naenda Mumias kuuza bima. Musimbi alifunga saluni. Tulipofika Ekero, Dokta Protus akavuta shuka lake la maua kwa madaha. Chini yake kulikuwa na injini, mipira mirefu na vikombe vinne vya chuma. Ubavuni mwa mashine kulikuwa na picha ya kichwa cha ng'ombe na jina la shamba moja la zamani la mzungu kule Lugari. Nilimuuliza kuhusu ng'ombe. Akasema ni alama ya kiwanda. Niliwaza kidogo, nikajiambia kwamba iliyomtosha ng'ombe wa mzungu haiwezi kunishinda mimi. Leza yenyewe ilikuwa taa nyekundu inayoning'inia kwa waya. Kwenye waya kulikuwa kumeganda unyoya wa kifaranga.

Akamwambia Musimbi apande kitandani. Hakumpima. Hakumuuliza kama ana ugonjwa wowote. Musimbi akavua viatu, akavipanga vizuri kama mtu anayeingia kwa wenyewe.

Nilijua la kusema. Maneno yenyewe ni machache. Lakini nikiyasema, ataniuliza kwa nini sikuyasema jana. Mdomo ukafunguka, ukafunga, na kilichotoka ni hiki: 'Mimi kwanza.'

Musimbi alinishukuru. Alidhani ni uungwana. Sikumsahihisha.

Nikalala. Protus akanipaka grisi, akabandika vikombe, akawasha injini. Tumbo lilinyanyuka kwenda kwenye vikombe kama limeitwa jina. Sijawahi kusikia maumivu ya namna hiyo. Kisha akaishusha leza hadi karibu na kitovu. Kukaanza kunuka nywele zinazoungua. Nilimwambia Musimbi, aliponiuliza, kwamba nasikia joto zuri.

Ndipo Protus akatoa sindano, nene kama mrija wa soda, akaipangusa kwenye koti lake.

'Umeichemsha?' Musimbi akauliza.

'Imeoshwa.'

'Nimekuuliza kuchemsha.'

'Mama, hii ni ya ng'ambo. Haichemshwangi.'

Musimbi akavaa viatu. 'Mwalimu, shuka twende.'

Nikasema siwezi, vikombe vimenishika. Akaenda ukutani, akang'oa plagi. Vikombe vikaanguka kimoja kimoja, cha mwisho kikaondoka na ngozi. Protus alilalamika kwamba matibabu yakikatizwa yeye halaumiwi. Musimbi akamwambia ashukuru Mungu yeye ni mtu wa kanisa.

Dereva mmoja wa lori la miwa alituonea huruma akatubeba. Nilikaa nimeshika shati lisiniguse. Njiani Musimbi akasema, 'Mimi nina sukari. Ingeniingia hiyo sindano, kidonda kingepona lini?'

Nikasema lo, nilikuwa nimesahau.

'Mwalimu. Ni wewe ulikuja kwangu kuniambia kampuni imenikataa. Ulikunywa chai yangu ukiniambia.'

Kakamega aliniteremsha mlangoni kwa Daktari Jepkosgei, akaenda kumwita mke wangu.

Ijumaa, 9 Agosti

Daktari Jepkosgei aliuliza mteja wangu anaendeleaje.

Nina malengelenge manne ya duara, kila moja kama sahani ya kikombe, na kuungua katikati. Pia alinipima presha, akaipima tena, akamwita Naliaka aone. Iko juu sana. Alisema mtu mwenye presha hii akilazwa kwa dawa ya usingizi na asiyejua kazi, anaweza asiamke. Sikuwa najua nina presha. Nimewauliza mamia ya watu swali hilo kwa ajili ya bima na sijawahi kujiuliza mimi.

Naliaka alingoja daktari atoke.

'Baba Ayuma, hii bima unauzianga watu, wewe mwenyewe unayo?'

Nikasema nilikuwa na mpango.

'Kwa hiyo ungekufa Ekero. Ningewaambia nini watoto? Kwamba baba yenu alikufa akitafuta kiuno?'

Aligeukia dirishani. Nilimsikia anavuta pumzi kwa shida. Mara ya mwisho kumwona akilia ilikuwa mazishi ya mama yake. Niliona haya kuliko nilivyoona siku zangu zote, na hakuna aliyekuwa ananiangalia.

Alipogeuka alisema kuanzia leo ni mboga za tsisaka na obusuma ya ngumi moja, na kutembea hadi stadium ya Bukhungu kila asubuhi. Nikakubali yote. Ningekubali hata kuhama dini. Nilikuwa naumwa.

Jumapili, 11 Agosti

Bendeji imeongeza unene. Koti halikufunga hata kifungo kimoja.

Nilipokuwa nyuma ya kanisa najipanga, Clifford akanijia peke yake. Nilijua anataka nimwachie kuongoza. Badala yake alivua koti lake akaniambia nijaribu kulivaa, labda mabega yatakaa. Hayakukaa. Akaniambia basi nisijali sana. Yeye alikuwa mnene kunishinda, akaanza kuumwa vidonda vya tumbo, sasa ni uji tu asubuhi na jioni. Kila suruali aliyonayo inamwanguka. Alisema angetoa chochote arudishiwe mwili wake wa zamani. Machozi yalimlengalenga.

Nilimshika bega. Nikamuuliza, kwa kunong'ona, vidonda hivyo hupatikana wapi.

Akaenda kukaa kwenye kinanda.

Musimbi alikuja. Alisimama mahali pake, akaamkia watu wote mstarini, mimi akaniruka. Lakini alipoimba, sauti yake ilijaza kanisa hadi mabati. Kila nikiinua mikono, bendeji ilinivuta malengelenge. Machozi yalinitoka nyimbo zote tatu. Mchungaji aliwaambia watu wa televisheni kwamba nimeguswa.

Jumatatu, 9 Septemba

Kipindi kilionyeshwa jana. Kanisa lote lilikusanyika ukumbini, televisheni juu ya meza, watoto sakafuni. Nilikuwa nimekaa mbele.

Mwalimu wa kwaya huwatazama waimbaji. Kamera nayo iliwatazama waimbaji. Kwa hiyo nchi nzima imeona mgongo wangu, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Tumbo halikuonekana hata mara moja. Naliaka alicheka mpaka akashika kiti. Anasema alidhani nalijua hilo.

Aliyeonekana ni Musimbi. Uso wake ulijaza kioo chote, mkubwa, unang'aa, na ukumbi mzima ukanyamaza kumsikiliza kana kwamba hawajamsikia miaka yote hii. Baadaye akina mama walimzunguka kumuuliza nguo zake anashonewa wapi. Alinipita mlangoni, akasimama.

'Mwalimu, umeona mwenyewe. Mwili wangu ulikuwa na shida gani?'

Nikasema haukuwa na shida yoyote. Nikasema pia nilikosa, na kwamba najua nilikosa. Akanipa mkono. Hajaniamini, lakini mkono alinipa. Nilitembea kwenda nyumbani kama mtu mpya. Presha imeshuka. Malengelenge yamepona, nimebaki na alama nne. Daktari Jepkosgei anasema nikiendelea hivi na tsisaka, hata mshipi utapungua taratibu.

Usiku sikulala vizuri, hata hivyo. Nilikuwa nafikiria kisogo.

Sikuwa nimewahi kujiona kwa nyuma. Juu ya kola kuna mikunjo mitatu ya nyama, na kila nikiinua mkono, inafunguka na kufunga. Nchi nzima imeiona. Naliaka anasema hakuna aliyetazama. Mchungaji naye ametangaza kwamba watu wa televisheni wamependa, watarudi Desemba.

Leo nimeulizauliza. Kuna bwana mmoja Khwisero anayenyoosha shingo. Nimehakikisha kwanza kama ni salama, maana sasa mimi ni mtu mwangalifu. Wamenihakikishia hana vikombe, hana sindano, na hajawahi kununua kitu chochote cha ng'ombe. Anatumia pasi tu, ya makaa, na anaiacha ipoe kidogo.

Nimemwambia Naliaka kwamba Alhamisi naenda Khwisero kuuza bima.