Maharagwe ya Daktari Runji

Runji aliachia shule kidato cha pili, lakini siku alipowasikia wauzaji wa nafaka sokoni Nkubu wakibishana kama bei ya maharagwe itapanda au itashuka, akapata udaktari papo hapo. Alirudi kwake mtaa wa Dallas, pale Embu, na namba za simu za wafanyabiashara thelathini na wawili. Nusu yao akawaandikia: "Utafiti unaonyesha bei itapanda." Nusu nyingine: "Utafiti unaonyesha bei itashuka." Kila wiki ilipoisha akawatupa aliowatabiria vibaya, akawagawa waliobaki vilevile. Sayansi ni tamu, jamani.

Wiki ya tano alibaki mtu mmoja tu ambaye hajawahi kuandikiwa uongo: Kendi, mwenye stoo ya nafaka Nkubu. Runji akavaa tai, akamwendea.

"Mama, mara tano sijakosea hata moja," alisema, akimfungulia kompyuta iliyojaa mistari ya kupanda na kushuka. "Nipe laki mbili nikuzungushie kwa dola na hisa."

"Ai! Kumbe wewe ni nabii!" Kendi akapiga makofi. "Na maharagwe wiki hii?"

"Yatapanda, mama. Tena sana."

"Basi nunua magunia yangu kumi kwa bei ya leo, uuze Ijumaa, faida yote yako. Nikiona umeuza, laki mbili ndizo hizi." Akavuta droo, noti zikaonekana. "Ama hata wewe huamini huo utafiti?"

Runji akapiga hesabu. Akikataa, amejianika. Akauza pikipiki yake, kitu pekee alichowahi kununua kwa jasho. Kendi akamfungulia gunia moja, maharagwe yanang'aa. Runji akalipa, akapakia.

Ijumaa, sokoni Embu, wateja walifungua gunia la pili. Wadudu wakatoka kwanza, maharagwe yakafuata, kila punje na tundu lake. Soko zima likacheka. La tatu hivyo hivyo, mpaka la kumi. Runji alitaka kulia kweli.

Akampigia Kendi. Simu haikushikwa, ila ujumbe ukaingia: "Utafiti unaonyesha utarudishiwa pesa yako."

Kabla hajashukuru Mungu, ukaingia mwingine, kutoka namba aliyoitupa wiki ya kwanza:

"Utafiti unaonyesha hutarudishiwa. Ni mimi Gikunda, bwana wa Kendi. Ile siku ulituandikia sisi wawili, tulisoma tukiwa kitanda kimoja. Usijali, Daktari. Mmoja wetu hajakosea."