Afisa Kelele na Ng'ombe wa Mama Bujiku

Siku Zamoyoni alipoona ndege ikifukuza ng'ombe, aliacha chai yake nusu kikombe. Hilo si jambo dogo, maana chai ilinunuliwa na mtu mwingine, na chai ya namna hiyo Zamoyoni huwa haachi hata tone.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la Mama Bujiku, kando ya kiwanja cha ndege nje ya mji wa Geita. Kukiita kiwanja cha ndege ni kukipa heshima tu. Kilikuwa ukanda wa majani yaliyofyekwa, wenye mawe meupe pembeni na mfuko wa kitambaa uliotoboka wa kuonyesha upepo. Ilikuwa miaka ile ya foleni za sabuni, na ndege pekee iliyotua pale ni ile ndogo ya injini mbili iliyoleta watafiti wa madini kutoka Mwanza kila Alhamisi. Ng'ombe walikuja kila siku, kwa hiyo wao ndio walikuwa wenyeji.

Ndege ilishuka kama inayotaka kutua. Rubani akaona ng'ombe wamejilaza katikati ya kiwanja, akawapitia juu ya migongo huku injini zikinguruma. Ng'ombe wakatimua mbio. Ndege ikapanda kwa nguvu zake zote juu ya paa la nyumba moja iliyokuwa mwisho wa kiwanja, bati likatetemeka, kuku wakaruka ukuta. Kisha ikazunguka mbali, ikarudi imepunguza injini, ikatua kwa upole.

"Hufanya hivyo kila mara, mama?" Zamoyoni akauliza.

"Ng'ombe wakiwepo, inanguruma kwanza. Wasipokuwepo, inatua kimya kimya. Wewe umeona ndege ngapi maishani?"

"Nyingi kuliko nguo zangu. Na ile nyumba ni ya nani?"

"Ya Bwana Pantaleo mwenye duka. Kiwanja cha nyumba alikipata kwa bei ya bure, hakujiuliza kwa nini. Sasa analalamikia kelele." Mama Bujiku akatema mate pembeni.

Alikuwa na sababu ya kutema. Marehemu mumewe alimwachia Pantaleo ng'ombe amfugie: maziwa anywe Pantaleo, ng'ombe na uzao wao wabaki wa mwenyewe. Mume alipokufa, ng'ombe wakaacha kuzaa, angalau kwa maneno ya Pantaleo. Kila mjane alipokwenda kuuliza, aliambiwa ndama wametoka kabla ya siku zao kwa mshtuko wa ndege. Sasa kila mfugaji anajua kwamba ng'ombe wa mtu akifia kwako, unampelekea mwenyewe ngozi aione. Pantaleo hakupeleka hata moja. "Mama, ndama ambaye hajakomaa ana ngozi gani?" ndivyo alivyojibu, bila haya, huku mdomo unanukia maziwa. Na mjane akimwonyesha ndama kwa kidole, alisema hao wamezaliwa na ng'ombe wake yeye.

Jambo lilikuwa limembana mama wa watu. Mwanawe Bujiku alikuwa amepata mchumba, na baba wa mchumba hakutaka hadithi za ndege, alitaka ng'ombe zizini. Mwezi ukiisha bila mahari, binti angepewa mwingine. Hayo yote Mama Bujiku hakumwambia Zamoyoni. Hakuwa mtu wa kumwaga mambo yake kwenye vikombe vya wateja.

Tumweleze basi huyu Zamoyoni. Alisema kwao ni Pangani. Waliomjua walisema ni Nzega, tena Nzega ya ndani. Alikuwa amekwisha kuuza dawa ya mchwa ambayo mchwa waliinenepea, na pale Mwadui aliwahi kumuuzia mwalimu mzima kipande cha chupa, akimwapia kwamba ni almasi iliyochoka safari. Kazi za mikono aliziogopa kama ukoma. Jioni ile alichomoa kitambaa chekundu kilichofungwa nyuma ya lori la mbao, akavaa kofia ya mlinzi mmoja wa kiwanda cha pamba aliyelala kazini, akapiga hodi kwa Pantaleo.

"Mimi ni Zamoyoni, Afisa Kelele, Kanda ya Ziwa."

Pantaleo alikuwa mnene, na macho yake yalikuwa yakipima kila kitu kwa mizani. "Sikujua kuna ofisi ya kelele."

"Ndiyo maana umeteseka muda mrefu hivi, mzee wangu. Wenzako wanaojua, huko kwao ndege zinapita kama vipepeo."

"Na serikali inawatoza nini?"

"Subiri kwanza uone kazi. Mimi sili jasho la mtu kabla hajaridhika."

Alhamisi iliyofuata walisimama wote wawili barazani. Ndege ikatokea. Ng'ombe, kama kawaida yao, walikuwa wamelala kiwanjani wakicheua. Ndege iliposhuka, Zamoyoni akainua kitambaa chake chekundu na uso wa mtu anayezika kiongozi. Ndege ikanguruma, ikapanda juu ya bati, vikombe vikaanguka rafuni.

"Umeona?" Zamoyoni akapaza sauti. "Nimemkemea, amekasirika! Sasa sikiliza anavyorudi."

Ndege ikazunguka, ikarudi imepunguza injini, ikatua.

"Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Pantaleo, jasho likimtoka. "Yaani, sijasikia! Bwana Afisa, huwezi kuihamishia kwa jirani yangu huyu wa kushoto?"

Mtu mzima, mwenye duka, mwenye wajukuu! Alikuwa ameishi chini ya ndege ile miaka kadhaa, na hata siku moja hakuinua macho kuona inafukuza nini. Alikuwa akitazama bati lake tu.

"Kuihamisha ni baadaye," alisema Zamoyoni. "Kwanza tuinyamazishe kabisa. Pesa sipokei, pesa ni rushwa. Lakini rubani yule anakula nyama, na wakubwa wake wanakula nyama. Nipe wale ng'ombe wanaolala kiwanjani na kurudi zizini kwako jioni, na ndama wao. Wote, asibaki hata mmoja. Akibaki mmoja, dawa haishiki."

Pantaleo akashika kichwa, akaita jina la mama yake, akaguna. Moyoni alikuwa anacheka. Ng'ombe wake mwenyewe aliwalisha bondeni, mbali na hatari. Waliolala kiwanjani ni wale wa mjane, maana ndege ikigonga ng'ombe, bora igonge wa mtu mwingine. Kwa hiyo angepata kimya kwa mali ya Mama Bujiku, kisha angemwambia wamekufa. Kwa nini? Kwa kelele, bila shaka.

"Umenimaliza, Afisa," alisema. "Haya, chukua."

Zamoyoni naye alitoka pale akijipongeza. Anachukua ng'ombe, kiwanja kinabaki kitupu, ndege inanyamaza yenyewe, na mjinga anashukuru. Kulikuwa na tatizo moja tu, kwamba Afisa Kelele aliogopa ng'ombe. Akirembuliwa macho na ndama tu, anatafuta mti. Alihitaji mtu wa kuwachunga mpaka amlete mnunuzi kutoka Segese, akakumbuka benchi la chai.

"Shikamoo, mama. Nimepewa ng'ombe na Bwana Pantaleo, wale wa kiwanjani pamoja na ndama. Unaweza kunitunzia siku chache?"

Mama Bujiku alikuwa anamimina chai. Haikumwagika. "Wale wa kiwanjani?"

"Wote."

"Nitawatunza kama wangu, ng'wana wane, mwanangu. Ila hapa kwetu ng'ombe hapokelewi kichochoroni. Ukikutwa na mifugo huna shahidi, wanakuita mwizi, na mwizi wa ng'ombe hapelekwi polisi akiwa na meno. Mwite balozi wa nyumba kumi, Pantaleo aseme mbele yake."

Zamoyoni akagusa meno yake kwa ulimi, akaona maneno ya mama huyu yana busara. "Na ujira wako?"

"Nipe hiyo saa ya mkononi. Nijue ndege inakuja lini."

Akaivua. Alijiona amepata mchungaji kwa bei ya takataka.

Jumanne, balozi Maganga, mzee mkavu asiyependa utani, alisimama uani kwa Pantaleo. Pantaleo alitaka mambo yaishe upesi kabla majirani hawajaanza kuuliza, akasema kwa sauti: "Nampa mgeni huyu ng'ombe hawa kwa hiari yangu, hai na wazima, pamoja na ndama waliowazaa."

"Waliowazaa wao wenyewe?" akauliza balozi.

"Wao wenyewe, balozi. Nani mwingine?"

Zamoyoni akapanda basi la Segese. Alasiri, Pantaleo akiwa amerudi dukani, Mama Bujiku na mwanawe wakaja na fimbo, wakaongoza ng'ombe mpaka nyumbani kwao, mchana kweupe, wakisalimiana na watu njiani.

Alhamisi ndege ikaja, ikakuta kiwanja cheupe, ikatua kimya. Pantaleo alilia machozi ya furaha barazani. Kisha, kwa kuwa furaha ya mtu kama yule haikai bila kumdhulumu mwingine, akaenda machinjioni, akanunua ngozi kavu za kila rangi, akazifunga kwenye baiskeli. Safari hii alitaka kufunga mdomo wa mjane moja kwa moja.

Alimkuta Mama Bujiku Jumamosi, uani, na balozi Maganga ameketi kwenye kigoda. Balozi alikuwa ameitwa kushuhudia mahari ya Bujiku. Wakwe walitarajiwa jioni. Pantaleo hakuuliza mahari gani. Akatua mzigo wake chini, akavua kofia.

"Pole sana, mama. Ng'ombe wako wamekwisha. Kelele za ndege zimewamaliza."

"Wote?"

"Wote. Na leo nimekuletea ngozi, usije ukasema nakudanganya."

Nyuma ya nyumba, ng'ombe akalia. Akaitikiwa na mwenzake. Halafu ndama mmoja akatoa kichwa penye miti ya zizi, akamtazama Pantaleo kwa mapenzi, maana alimzoea.

Balozi akainuka polepole, akaenda zizini, akarudi. "Pantaleo, hawa ndio ulimpa mgeni Jumanne mbele yangu. Hai na wazima, ulisema. Na ndama waliowazaa wao wenyewe."

"Wamefanana tu, balozi."

"Na masikio tuliyoyatia alama mimi na marehemu," alisema Mama Bujiku, "nayo yamefanana?"

Pantaleo akavaa kofia yake. Akashika baiskeli.

Ndipo lori likasimama njiani, Zamoyoni akaruka chini na kofia yake, nyuma yake Jilala, mchinjaji wa Segese, mtu mwenye mikono minene kama miguu ya wenzake.

"Shikamoo, mama! Mnunuzi wa ng'ombe wangu huyu hapa."

"Marahaba. Umechelewa, ng'wana wane. Ng'ombe wako wamekufa."

"Wamekufa? Wamekufa na nini?"

"Kelele. Muulize Bwana Pantaleo. Ngozi zao zile pale, kazileta mwenyewe kwa baiskeli. Chukua."

Zizini wakalia tena, kundi zima. Zamoyoni akanyoosha kidole. "Na hao?"

"Hao ni wangu, tangu siku za mume wangu. Kama una dai, balozi huyu hapa. Mweleze ulipewa ng'ombe kwa kazi gani, na ofisi yako iko wapi."

Zamoyoni akamtazama balozi. Balozi akaitazama ile kofia ya mlinzi. Akapiga hatua moja nyuma kuelekea lori.

"Nimechoma dizeli kutoka Segese," alisema Jilala, "kuja kutazama ngozi kavu?" Akamvua Afisa Kelele kofia, akamvua na viatu, akavitupa ndani ya lori. Kisha akapakia ngozi, asirudi mikono mitupu, na kumwachia Zamoyoni barabara aende kwa miguu.

"Mama," Zamoyoni akanong'ona, "basi hata saa yangu."

"Nimekuchungia, umenilipa," alisema Mama Bujiku. "Nenda salama. Mchana huu mchanga unaunguza, pita kwenye majani."

Bujiku alioa. Ama Pantaleo, mtu huyo hafundishiki. Aliona majani ya kiwanjani yananenepa bure, roho ikamuuma, akawatoa ng'ombe wake bondeni akawaleta pale. Alhamisi alisimama barazani na kile kitambaa chekundu alichoachiwa na Afisa Kelele, ndege ikashuka, naye akakipunga kwa mikono miwili. Ndege ikanguruma juu ya migongo ya ng'ombe wake, ikapanda, na safari hii bati moja likang'oka kabisa.

Kule kwenye benchi, Mama Bujiku alisikia Pantaleo akimwita Afisa Kelele kwa sauti ya juu. Akatazama saa yake, akabandika maji ya chai.