Ulinganisho Rasmi wa Halifax na Lancaster

Kwa furaha kubwa, mwaka 2003, makumbusho ya ndege ya kaskazini mwa London yalitangaza kuundwa kwa Kamati Maalumu ya Kulinganisha Ndege Nzito za Mabomu. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka hamsini na minane iliyopita, lakini kamati haikutaka kukurupuka.

Paa jipya la makumbusho lingetosha kufunika ndege moja tu kati ya mbili za Waingereza za vita hivyo, Halifax au Lancaster. Itakayoshindwa ingepelekwa ghalani huko mashambani, na nafasi moja ya kazi ya usafi ingefutwa pamoja nayo. Nafasi ya usafi ilikuwa moja. Mwenye nafasi hiyo, Agathe, mama wa Kikongo anayekaa Kilburn, alilielewa tangazo mara moja.

Mwenyekiti, Bwana Alnashir, mzaliwa wa Tanga na mkazi wa Kingsbury, alizizunguka ndege akiwa na fomu.

"Uzito wa mabomu, Lancaster. Umbali, Lancaster. Umaarufu..."

"Lancaster," akamalizia katibu Mohinder, aliyekulia Nairobi. "Hata mama mkwe wangu anaijua."

Agathe akaegemea ufagio. "Papa Alnashir, na kutoka?"

"Kutoka wapi?"

"Ndani. Ikipigwa, vijana wanatokaje? Ule mlango wa sakafuni wa Lancaster ni mwembamba, wa Halifax ni mpana. Mimi napitaga kwa maombi."

"Mama Agathe, fomu haina safu ya kutoka. Na msafishaji haruhusiwi kugusa kazi ya kamati."

"Sawa, baba." Akaenda nyuma ya Halifax kumweleza Mungu, ambaye hupokea watu bila miadi.

Alhamisi, wajumbe wote saba walipanda ndani ya Lancaster wapigie kura humo, kwa heshima ya marubani. Hawajafungua hata ajenda, king'ora cha moto kikalia. Ni mkate tu uliokuwa umeungua kantini, ila wao hawakujua. Kamati iliondoka kwa kufuata vyeo: mwenyekiti akatangulia kwenye mlango wa sakafuni, uliokuwa karibu zaidi. Miguu ikatoka. Tumbo likakataa.

"Mama Agathe! Nivute!"

Agathe aliitazama miguu ikipiga mateke hewani. "Baba, kamati haiguswi. Ulisema mwenyewe."

"Nimekuruhusu!"

"Kwa mdomo tu?"

"Mohinder, mwandikie!"

"Niandike nini, mwenyekiti?" sauti ikauliza kutoka juu. "Hatujapiga kura."

"Andika atakachosema huyu mama! Haraka, bwana, huko juu mnanisukuma!"

Agathe akafumba macho, akaomba hekima, akaongeza na ombi dogo la msamaha. Kisha akatamka polepole, neno kwa neno. Mohinder akaandika, wajumbe wakapitisha kwa kauli moja, na azimio likasomwa kwa sauti juu ya kichwa cha mwenyekiti:

"Paa liongezwe. Halifax ibaki, kwa kuwa mtu anaweza kutoka. Lancaster ibaki, kwa kuwa mwenyekiti hajatoka."