Ngome Nayo Ipewe Siku Kumi na Tano

Mtaa wa Spilia,
Kerkira, Ugiriki.
Jumanne baada ya Pasaka

Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Majengo ya Kale,

Kristo amefufuka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba nyama ya Pasaka imeshuka salama.

Nimepokea barua yako inayonipa siku kumi na tano niung'oe msumari wa kamba yangu ya nguo kutoka ukuta wa Ngome Mpya, kwa kuwa ukuta ni wa kale na msumari unauumiza. Msumari huo aliupigilia marehemu mume wangu, Janetos, wiki tuliyooana. Kwa miaka hamsini na sita sijasikia ukuta ukilalamika. Lakini kwa kuwa wewe umeanza kusikiliza kesi za majirani, nami naleta zangu dhidi ya ngome.

1. Inaninyima jua. Jua hufika kwangu saa tano asubuhi na kuondoka saa saba mchana, na linapiga mahali pamoja tu: penye msumari. Shuka ikianikwa kwingine Jumatatu, hukauka Alhamisi.

2. Inaitwa Mpya. Ina zaidi ya miaka mia nne. Mimi nina sabini na tisa, na hakuna anayeniita msichana.

3. Haifanyi kazi yake. Ilijengwa kuzuia wageni watokao baharini. Leo meli zinawashusha kwa maelfu, nayo imewaachia lango wazi. Wanapanda juu na kupiga picha nguo zangu za ndani. Jirani yangu Zambeta aliniambia kutoka dirishani kwake, "Mwenzangu we, gagulo lako limeshafika Ujerumani, na wewe hata Athene hujafika." Na ni kweli. Hata zamani zile za mababu Waturuki walipotuzingira, kila mtu hapa anajua aliyewafukuza ni Mtakatifu Spiridoni, mlinzi wa kisiwa chetu. Ngome ilikuwepo tu, kama ilivyo leo.

4. Afisa wako, Bwana Leandros, kijana wa Athene, alikuja kupima msumari Jumamosi Kuu, saa tano kamili asubuhi, akasimama chini ya dirisha langu. Mheshimiwa, wewe ni mtu wa hapa. Unajua kengele zikilia saa hiyo mji mzima hutupa mitungi ya maji madirishani kuupokea Ufufuko. Nilimwambia, "Baba, sogea." Akasema, "Mama, niko kazini." Nikamwambia, "Na mimi pia." Mtungi wangu ulipasuka hatua mbili mbele yake, akalowa mpaka magotini. Sasa ripoti yake inasema nilimshambulia. Zambeta ni shahidi wangu, ingawa maji yaliyompata afisa kichwani yalitoka dirishani kwake.

Kwa hiyo naomba ngome ipunguzwe urefu. Ikishindikana, ihamishiwe ng'ambo ya mji, ikae na mwenzake, Ngome Kongwe, zizeeke pamoja. Nayo ipewe siku kumi na tano, kama mimi. Wanasema mnyonge hana haki, lakini ningependa nipate hilo kwa maandishi, likiwa na mhuri wako.

Nisalimie mkeo, mama yako, na yule karani wa mlangoni mwenye kikohozi. Bwana Leandros mwambie alete viatu vyake nimwanikie. Saa tano hadi saa saba.

Mimi mwenye kudai haki,
Stamatela Pangrati (mjane)

Tanbihi: Baada ya kutia sahihi alikuja fundi mwashi kuangalia unyevu wa chumbani. Aligonga kuta zote, akagonga tena. Anasema nyumba yangu ina kuta tatu. Wa nne, ule wa kichwani pa kitanda, ni ngome yenyewe. "Bibi," akasema, "hii ikisogea shubiri moja, utaamkia barabarani." Basi ngome ibaki palepale, na urefu wake wote. Tangu Janetos afariki ndiyo ninayoegemea kila siku, nami nilidhani ni ukuta wangu. Msumari nitaung'oa mwenyewe Ijumaa, ingawa mkono ulioupigilia haupo tena. Ningeiandika barua upya, ila Zambeta yuko mlangoni anataka kuwahi posta. Tafadhali ofisini isomwe mpaka kwenye sahihi tu, haya ya chini yabaki kwako, na Bwana Leandros asitumwe kupima chumba.