Gari la Mikate na Gesi ya Maji

Watu walimwita Injinia, ingawa mashine pekee aliyowahi kuifungua ni redio ya shangazi yake, na mpaka leo shangazi hasikii habari. Ila mdomo alijaliwa. Wiki ile alikuwa na haraka ya kuhama mji, maana mwenye mgahawa mmoja, aliyeuziwa naye jiko bandia la haidrojeni, alikuwa akimsaka mtaa kwa mtaa.

Ndipo alipoliona gari la mikate limeegeshwa nje ya tanuri la Mama Mikate, safi, matairi mapya. Akalipenda papo hapo.

"Shikamoo, mama. Utachoma pesa kwa gesi mpaka lini?"

"Marahaba. Mpaka mikate iive."

Injinia akacheka kwa adabu, kisha akamwaga sera. Jua linapiga paneli, paneli zinatoa umeme, umeme unayapasua maji, na ndani yake inatoka gesi ya haidrojeni, iitwayo ya kijani kwa kutochafua hewa, inayowaka bila moshi. Hayo ni kweli tupu, na mwongo hodari huanzia hapo. Uongo wake ulikuwa paneli mbili ndogo kama sinia, na sanduku la bati lililoficha mtungi wa gesi ya kawaida.

"Huko kwa wenzetu hata magari yanajazwa maji," akatia chumvi. "Nipe gari, nikuachie mtambo. Mimi ndiye ninayekula hasara."

Mama Mikate akataka kujaribu kwanza. Akaoka mikate, akaoka keki za harusi mbili, akamwokea na jirani. Kila alipoingia stoo kuchukua unga, Injinia alibadilisha mtungi mbio mbio, kwa pesa zake mwenyewe. Mama alinusa hewa. Harufu ile ya gesi ya mtungi aliijua miaka na miaka, wala haikubadilika kwa kupewa jina jipya. Akatoka nje kidogo kupiga simu.

Jioni akamkabidhi ufunguo mbele ya foleni ya wateja.

"Chukua, mwanangu. Tangi nimelijaza maji safi."

Tabasamu la Injinia likakwama. "Maji? Hilo gari litakufa, mama."

"Kwani maji hayawaki? Hebu waeleze na hawa, wewe ndiye mtaalamu."

Foleni nzima ikamgeukia. Akisema hayawaki, ameumbuka; akisema yanawaka, apande awashe. Maskini, akajipapasa mifukoni kama anayetafuta kitu.

"Kuna kifaa nimekisahau nyumbani," alisema hatimaye, akatoka polepole hadi kwenye kona, kisha akatimua mbio.

Mama Mikate akawasha gari. Likanguruma mara moja, kwa petroli ya jana.

Walimkuta karibu na stendi, anahema. Honi ilipopigwa aligeuka na uso wa mtu aliyepata lifti, mpaka alipomwona yule mwenye mgahawa, mteja wa Mama aliyepigiwa simu, amekaa pembeni ya dereva, mlango kaushika wazi.

"Panda, mwanangu," alisema Mama Mikate. "Tupitie polisi upesi, mikate isije ikapoa."