Kiuno cha Mama na Utepe Niliouchezea

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua kukuambia kila kitu, shajara yangu, hata yanayoniaibisha. Nisipokuambia wewe itabidi nimwambie shangazi, na shangazi huanza kusimulia kabla hajamaliza kusikia.

Mama amesinzia tena kwenye cherehani. Shavu juu ya mkono wa gauni la kwaya, la kwanza kati ya mengi, mguu ungali kwenye kanyagio. Mashine ikazunguka kidogo yenyewe, kana kwamba inaota. Mwanga wa dirishani ulipenya vitambaa vya bluu na chumba kizima kikawa chini ya maji. Nikamwona mama kama samaki mkubwa mzuri asiye na haraka. Kisha akaamka, akashika ukuta. Kizunguzungu. Akasema ni joto. Hapakuwa na joto.

Shangazi anasema ni unene. Amempangia wifi yake mlo: asubuhi chai ya rangi na kipande cha mkate, jioni chai peke yake. Kila Jumamosi anampima kiuno. Kikipungua sentimita tano, mama ataruhusiwa kula. Mama anatii. Kliniki hataki kusikia. Mara ya mwisho walimtazama tu, wakamwambia apunguze mwili, wakaita anayefuata.

Jumatano, 5 Machi
Mwalimu wa sayansi amesema mtu anaweza kuwa na mwili mkubwa na damu pungufu. Mafuta yakizidi, mwili unaweza kupokea vibaya madini ya chuma. Chai pamoja na chakula huzidisha shida. Akaniuliza naulizia nani. Nikasema rafiki.

Njiani niliwaona wanawake wote kama nyumba za ghorofa: taa zinawaka, mapazia ya kupendeza, kabatini hamna kitu. Nikapitiliza mtaa wetu.

Nilimweleza mama. Akasema, mwanangu, nani atautazama mwili huu aamini una njaa? Watanicheka mpaka wachoke.

Basi inahitajika mbinu.

Ijumaa, 7 Machi
Mbinu imekamilika. Nimekata sentimita tano za mwanzo kwenye utepe wa mama wa kupimia, nikakirudisha kile kibati cha ncha kwa mishono midogo, kama alivyonifundisha. Utepe mfupi, kiuno kifupi. Kesho shangazi atasoma, mama atapakuliwa maharage na mboga za majani. Hesabu nyepesi.

Nimelala mchana nikaota mama anaruka kamba, na kamba yenyewe ni ya mwanga.

Jumamosi, 8 Machi
Hesabu haikuwa nyepesi. Ukikata mwanzo wa utepe, namba zinaanzia mbele. Mama ameongezeka sentimita tano.

Shangazi alipima mara mbili. Akamwuliza wifi yake kama anakula kwa siri. Mama akajibu kwamba siku hizi hata mate anayameza kwa woga. Mkate nao umefutwa. Nilitaka kusema ukweli. Nikafungua mdomo, ikatoka chafya.

Lakini kinachonitisha ni kingine. Mama huona uzi uliopinda kutoka ng'ambo ya chumba. Ameshika utepe ule tangu jana, amekatia magauni yote yaliyobaki, na hajaona kitu.

Jumatatu, 10 Machi
Wanakwaya wamekuja kujaribu magauni. Vipimo vyao vilichukuliwa kwa utepe mzima, vitambaa vikakatwa kwa utepe wangu. Wakasimama mstari wa bluu, wanapumua nusu nusu. Aliyepata gauni la kwanza ndiye pekee aliyeweza kucheka. Mmoja akasema labda kuimba kunanenepesha. Shangazi akaona neema, akaiandikia kwaya nzima chai ya rangi. Mwimbishaji akamjibu kwamba bora aimbe uchi kuliko kuimba na njaa.

Mama akainama kutazama pindo. Hakuinuka. Alishuka taratibu, kama kitambaa kinavyoteleza mezani.

Walimbeba wao. Kwaya nzima barabarani, mishono ikiachia kila walipopiga hatua, wakaingia kliniki bila kubisha. Safari hii hakuna aliyethubutu kumtazama mama tu. Walimtoa damu.

Jumanne, 11 Machi
Majibu. Damu iko chini sana, madini ya chuma karibu yameisha. Vitamini D nayo ni pungufu, na sukari imeanza kupanda. Daktari, mzee wa ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri, alisema mambo haya mara nyingi huongozana na unene, na kushinda na njaa hakuyatibu. Vidonge, chakula kamili, chai ikae mbali na chakula, matembezi ya jioni, kurudi kupimwa. Alimpa mama kiti kwanza, ndipo akaongea.

Mama alilia kidogo. Alisema muda wote huo alidhani ni uvivu wake.

Nikamwambia habari ya utepe. Akaipapasa mishono kwa kidole gumba. Akasema imenyooka, na kwamba nitafumua magauni yote mimi mwenyewe. Kisha akaniapisha: nikiwa na wasiwasi, niende kwa mhusika niseme kwa mdomo. Hakuna mbinu tena. Nikaapa.

Jumamosi, 15 Machi
Vidole vyangu vina matundu ya sindano. Mama amemaliza sahani, akaomba ndimu zaidi ya kukamulia mboga, akaimba kidogo.

Sasa ni shangazi. Anasimama katikati ya ngazi, mkono kifuani, anasema anasubiri viatu vipoe. Nilimwendea nikasema kwa mdomo, kama nilivyoapa: shangazi, kapime damu. Akaniambia nikakue kwanza. Ila jana daktari alipopita mtaani, shangazi alivuta kilemba chake kikakaa sawa, akatuuliza yule baba ana mke au hana.

Nimelala chali, natazama dari, nafikiri. Ukiangalia mwisho wake, mbinu ya utepe ilifaulu. Ilipitia njia ndefu tu.

Kwa hiyo, shajara, naomba jibu kabla kliniki haijafunguliwa: nikimwambia shangazi kwamba daktari ameulizia habari zake, huo utahesabiwa uongo, au dawa?